TAHARUKI IKIPOA: SOMO KUTOKA KWA JASUSI BENNI KAMBA 009

Makala haya ni ya somo wala si hadithi, ingawa yana hadithi ndani yake. Mhariri aliniomba nieleze taharuki, yaani lile jambo ambalo sisi wa kidato cha tatu tunaliandika kila siku katika majibu ya fasihi. Tunaandika "mwandishi ametumia taharuki", tunaweka nukta, halafu tunangoja alama. Alama zenyewe haziji. Mwalimu huandika kwa wino mwekundu, "Vipi? Wapi?"

Basi mwaka huu chama chetu kilisoma riwaya moja ya kijasusi ambayo ilitugawa vipande viwili kama tikiti maji. Tulibishana darasani, tukabishana kwenye foleni ya githeri, na wale wa kutoka upande wa Matuu wakabishana hadi ndani ya matatu. Nimeona heri niutumie ugomvi huo kufundishia, kwa sababu riwaya iliyokuvunja moyo inakufunza taharuki ni nini kuliko ile iliyokufurahisha. Iliyokufurahisha unaimeza tu. Iliyokukwama kooni ndiyo unayoitafuta mwiba.

Tuanze na neno lenyewe. Taharuki limetoka katika Kiarabu, na ni ndugu wa damu wa neno haraka. Yote mawili asili yake ni kutikisika, kuwa katika mwendo. Mtu aliyetaharuki ameshtuka, ana wasiwasi, hakai kitako. Katika fasihi tunalitumia kwa ile hali ya msomaji kushikwa na hamu ya kujua litakalofuata hata akaacha ugali upoe na mboga zipoe pia.

Wengi hudhani taharuki ni lazima iwe na bunduki. Hebu tazama Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka wa 1996. Humo kuna kijana, Kongowea Mswahili, anayetoka Tanga kuja huku Kenya kumtafuta baba yake. Swali ni moja: atampata au hatampata? Swali hilo moja limewakesha wanafunzi wa nchi hii miaka na mikaka.

Sasa kwa maoni yangu kuna taharuki za aina mbili, na mtu akizichanganya hawezi kusema kwa nini riwaya fulani imempendeza au imemuudhi. Ya kwanza nitaiita taharuki ya fumbo. Jambo limekwisha kutendeka, mtu amekufa au mali imepotea, na msomaji hajui nani alitenda. Bingwa wa aina hii katika Kiswahili ni Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka wa 1918. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka wa 1957 na 1958, ikachapishwa kitabu mwaka wa 1960. Humo ndimo tulimopata Bwana Msa, mpelelezi asiye na haraka, mwenye kiko chake mdomoni, anayetazama mambo madogo ambayo polisi wameyapita. Akina sisi wa Kithimani tuna haki ya kumpenda zaidi kwa sababu riwaya yake ya pili, ya mwaka wa 1968, inaitwa Kisima cha Giningi, na sote tunajua kithima kwa Kikamba ni kisima. Lakini hayo ni ya kando.

Ya pili ni taharuki ya hatari. Hapa msomaji anajua kila kitu, pengine kuliko mhusika mwenyewe, na wasiwasi wake ni kama mhusika ataokoka. Mwongozaji mashuhuri wa filamu, Alfred Hitchcock, alikuwa akiieleza kwa mfano wa bomu. Watu wawili wameketi mezani wanazungumza mambo ya kawaida. Chini ya meza pana bomu. Ikiwa watazamaji hawajui, bomu litalipuka nao watashtuka kwa sekunde 15. Ikiwa wameliona likiwekwa, na saa iko ukutani, watataharuki dakika 15 nzima, wakitamani kuwapigia kelele wale wawili waache porojo waondoke.

Nami nitoe mfano wa kwetu. Watoto wawili wanarudi nyumbani jioni na watavuka mfereji wa Yatta juu ya ubao. Mvua imenyesha huko juu, maji yamejaa. Mwandishi amekwisha kutuonyesha adhuhuri kwamba ule ubao umeoza katikati. Watoto wanakuja wakiimba, mmoja anasimama kufunga kamba ya kiatu. Huyo mtoto hajui, lakini wewe msomaji unajua. Susu zetu walizijua mbinu hizi kabla ya filamu kuja. Susu akikutolea hadithi ya eimu, hakufichi kwamba eimu yumo ndani ya nyumba. Anakwambia mapema, kisha anamleta msichana pole pole na mtungi wake wa maji hadi mlangoni. Hapo ndipo unapomsogelea Susu na kushika leso yake.

Naam. Tukiwa na silaha hizo mbili, twende kwenye kitabu.

Kitabu chenyewe ni The Equatorial Assignment cha David Maillu. Najua mtauliza chama cha Kiswahili kinatafuta nini katika kitabu cha Kiingereza. Sheria yetu ni kwamba mwanachama anaweza kuleta kitabu cha lugha yoyote, maadamu atakachokisema juu yake akiseme kwa Kiswahili. Na kusema ukweli tulijifunza msamiati mwingi kwa njia hiyo. Kwa mfano tuligundua kwamba mpelelezi na jasusi si mtu mmoja. Mpelelezi anatafuta aliyetenda kosa, kama Bwana Msa. Jasusi anatumwa kwa siri kujua mambo ya adui, pengine kuyaharibu. Kachero yuko katikati, mara huku mara kule. Watanzania wana neno lao tamu, shushushu, ambalo mtu akilisikia tu anajua huyo ni mtu wa kunong'ona.

Nakala tuliyosoma ni ya mjomba wangu. Aliinunua akiwa kijana, akaiweka katika sanduku la bati pamoja na vyeti vyake. Haina jalada, ukurasa wa kwanza umeshikwa na gamu, na ilinibidi niape kwamba haitapakwa mafuta ya mandazi. Mjomba ni mtu asiyependa mzaha na vitabu vyake. Aliponikabidhi aliniambia, "Soma mambo ya Mkamba mwenzako." Shikilieni maneno hayo, nitayarudia.

Maillu alizaliwa Kilungu mwaka wa 1939, sehemu ambayo siku hizo ilikuwa Machakos na sasa iko Makueni. Katika miaka ya 1970 alianzisha kampuni yake mwenyewe jijini Nairobi, Comb Books, akatoa vitabu vidogo vidogo vilivyouzwa kama njugu: My Dear Bottle na Unfit for Human Consumption mwaka wa 1973, kisha After 4.30 mwaka wa 1974. Vilihusu nini sitaeleza, kwa sababu jarida hili linasomwa na mwalimu mkuu. Itoshe kusema kwamba Tanzania ilivipiga marufuku mwaka wa 1976. Wahakiki wa chuo kikuu, akiwemo Chris Wanjala wa Nairobi, walizikemea riwaya za namna hiyo kwamba hazina uzito. Wasomaji wa kawaida, makarani, mafundi na makondakta, walizinunua wakazisoma hadi zikachanika. Kwa hivyo mzozo juu ya Maillu haukuanzia katika chama chetu.

Halafu mwaka wa 1980 akaja na sura mpya. Alitoa The Equatorial Assignment kupitia Macmillan, katika ule mfululizo wa Pacesetters uliowalenga vijana wa Afrika nzima. Shujaa ni Benni Kamba, nambari 009, jasusi wa shirika la siri linalotetea Afrika. Adui ni Dr Thunder, mwenye kituo cha siri katika mlima Chengolama, ambaye kwa niaba ya mataifa makubwa anataka kuziweka serikali za Afrika mfukoni. Kuna pia Konolulu, jasusi wa kike mrembo kupindukia, aliye upande wa adui. Benni Kamba anatumwa kuuzima mpango huo. Mwaka wa 1986 alirudi tena katika kitabu cha pili, Operation DXT.

Utaona mara moja kwamba 009 ni mtoto wa 007. James Bond alizaliwa katika kitabu cha Ian Fleming, Casino Royale, mwaka wa 1953, na filamu ya Dr No ilitoka mwaka wa 1962. Fleming ana Dr No, Maillu ana Dr Thunder. Fleming ana warembo, Maillu ana Konolulu. Hakuna aliyefichwa.

Kitabu kilizunguka miongoni mwetu muhula wote wa kwanza. Sisi ni shule ya kutwa, kwa hivyo kila mtu alikisoma kwake, mwingine kwa stima, mwingine kwa taa ya sola, mmoja alisema alikisoma akichunga mbuzi na mbuzi wakaingia kwenye shamba la mbaazi la jirani. Alhamisi ya mjadala ilipofika, darasa lilijaa hata wasio wanachama wakasimama madirishani.

Wa kwanza kusema alikuwa katibu wetu. Alisema kwa ufupi, "Bw. Mwenyekiti, mimi niliambiwa nitataharuki. Nimengoja hadi ukurasa wa mwisho. Bado nangoja." Vicheko! Alieleza kwamba adui anajulikana mapema, kwa hivyo fumbo hakuna. Na kwa kuwa shujaa ni hodari wa kila kitu, hatari pia hakuna. Akauliza, ukitoa fumbo na ukatoa hatari, kimebaki nini?

Upande wa pili uliinuka kwa hasira. Mvulana mmoja wa kidato cha pili, ambaye kwa kawaida haongei chamani, alisema hicho ndicho kitabu cha kwanza maishani mwake kukimaliza bila kulazimishwa na mtihani. Alikimaliza kwa siku mbili. Alisema hakujali kama adui anajulikana. "Nilitaka tu kuona akipigwa." Hakuongeza neno, aliketi. Nawaambieni ukweli, hiyo ndiyo hoja iliyonisumbua zaidi ya zote, na hadi leo sijaipatia jibu kamili. Kitabu kinachomfanya mtu asiyesoma asome, tukiite kibaya kwa kipimo gani?

Kisha akasimama dada mmoja wa kidato cha nne. Yeye hakuzungumzia taharuki kabisa. Alisema kilichomkera ni Konolulu. Mwanamke ana akili, ana mafunzo, ni jasusi kamili, lakini kila anapoingia tunaelezwa urembo wake kwanza. "Benni Kamba akiingia, mbona hatuelezwi kiuno chake?" Wavulana walipiga meza. Yeye alingoja wanyamaze, akaendelea kwamba hata kwa upande wa taharuki jambo hilo ni hasara, kwa sababu msomaji akishajua kazi ya mrembo katika hadithi za Bond, anajua pia la kutarajia hapa. Nimetafakari maneno hayo sana. Nadhani ndiyo uhakiki bora tuliousikia siku ile, kwani alionyesha kwamba kumchora mhusika kwa mazoea si kosa la heshima tu, linaua hadithi pia.

Mjadala ungeishia hapo ungekuwa wa kawaida. Lakini kuna mtu alitamka kile ambacho wengi walikuwa nacho moyoni. Alisema, "Huyu ni mwandishi wetu. Mkamba ameandika kitabu kikauzwa Afrika yote, hata shujaa akampa jina Kamba. Nasi watoto wake tunakaa hapa Kithimani kumchana? Wageni watasema nini?"

Darasa lilinyamaza. Jambo lenyewe lilikuwa na uzito kwa sababu kulikuwa na pesa mezani. Chama kilikuwa na Sh. 2,400 za mauzo ya jarida la mwaka jana, na zilipaswa kununua vitabu vya sanduku letu. Wengine walitaka zinunue Operation DXT na vitabu vingine vya Maillu kwa sababu ni wa kwetu. Wengine walitaka Bwana Msa. Kwa hivyo swali la kama tuseme ukweli juu ya kitabu cha mtu wa kwetu halikuwa la maneno matupu. Kila mtu akawa anavutia kamba kwake, na samahani kwa mchezo huo wa maneno.

Mimi nilisimama nikasema hivi. Kumsifu mwandishi kwa sababu ya ukoo wake ni kumdharau. Ni kama kumpa mkimbiaji medali kwa kuwa ni jirani. Watu wa kwetu wanaokimbia wanashinda kwa saa, wala hakuna anayesimamisha saa kwa kuwa anatoka Machakos. Maillu mwenyewe aliuza vitabu kwa watu wasiojua Kilungu iko wapi, kwa hivyo alikwisha kukubali kupimwa na wote. Nilipigiwa makofi na upande mmoja tu.

Mwalimu mlezi, ambaye kwa kawaida hutusahihisha ngeli kisha akanyamaza, aliomba dakika tano. Alitukumbusha kwamba sisi si wasomaji wa kwanza duniani kumgombeza mwandishi tunayempenda. Mwaka wa 1893 Arthur Conan Doyle alimuua Sherlock Holmes katika hadithi iliyotoka kwenye jarida la The Strand la London. Inasemekana wasomaji zaidi ya 20,000 waliacha kulinunua jarida hilo. Doyle alishikilia msimamo wake miaka kadhaa, lakini mwaka wa 1903 akamrudisha Holmes akiwa hai. Agatha Christie naye, mwaka wa 1926, alitoa The Murder of Roger Ackroyd, yenye mwisho ambao baadhi ya wasomaji walisema amewadanganya, na wengine wakasema ni werevu usio na kifani. Kitabu kile kile kimoja! Mwalimu alikataa kutuambia mwisho wenyewe ulikuwaje, hata tulipomsihi. Hiyo nayo ni taharuki.

Baada ya mjadala nilibaki na kazi ngumu zaidi, nayo ni kumrudishia mjomba kitabu chake. Nilijua ataniuliza. Nilikuwa naweza kusema "kizuri, mjomba, asante" nikaenda zangu. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya darasa zima nikasema ukweli usimamishwe na ukoo, sasa ningemdanganya mjomba nyumbani kwake? Nikamwambia kwa adabu kwamba hakikunitaharukisha. Nikamweleza kuhusu fumbo na hatari.

Hakukasirika. Alinyamaza kidogo, akakipangusa kile kitabu kwa kiganja, akasema: "Wewe umezaliwa ukakuta filamu ndani ya simu. Sisi tulipokuwa vijana, majasusi wote wa vitabuni walikuwa Wazungu. Tulikuwa tukisoma Bond na mtu mweusi humo ni wa kufungua mlango. Siku niliyofungua hiki nikakuta mwenye bastola, mwenye ndege, mwenye akili, anaitwa Kamba, mwanangu, sikulala."

Maneno hayo yalinifanya nifanye utafiti kidogo katika vitabu vya historia. Mwaka wa 1980, kitabu hiki kilipotoka, Zimbabwe ndiyo kwanza ilikuwa inapata uhuru, na Afrika Kusini ilikuwa bado chini ya ubaguzi wa rangi. Patrice Lumumba wa Kongo alikuwa ameuawa mwaka wa 1961. Eduardo Mondlane, kiongozi wa Frelimo, aliuawa jijini Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alicholetewa kama kifurushi. Ndani ya kitabu! Kwa msomaji wa siku hizo, habari za adui wa nje anayewatafuna viongozi wa Afrika kwa siri hazikuwa ndoto ya mwandishi. Zilikuwa gazetini. Ndiyo maana hata kule Tanzania Elvis Musiba alimtuma jasusi wake Willy Gamba huku Nairobi katika Kufa na Kupona, mwaka wa 1974, kwa ajili ya mambo ya ukombozi, na wasomaji wakamshangilia.

Hapa ndipo somo linapokuwa tamu. Nimesema taharuki ni hamu ya kujua litakalofuata. Lakini hamu hiyo haimo kitabuni peke yake, nusu yake msomaji anakuja nayo. Mjomba alikuja na woga wa mwaka wa 1980 na fahari ya kuona jina la kabila lake. Mwandishi hakuhitaji kumjengea ubao uliooza, kwani ubao ulikuwa tayari chini ya miguu yake. Mimi nimekuja mikono mitupu, kwa hivyo nilihitaji mwandishi anijengee, naye hakunijengea vya kutosha. Ni sawa na chai iliyochemshwa asubuhi. Aliyeinywa asubuhi hasemi uongo akisema ilikuwa moto.

Hata hivyo sikubali kwamba wakati ndio wa kulaumiwa kwa yote. Mzimu wa Watu wa Kale ni kitabu cha miaka 20 kabla, na mimi nilikisoma mwaka huu huu nikaogopa kwenda chooni. Kwa nini hakijapoa? Kwa sababu taharuki yake haikutegemea habari za gazeti. Imejengwa ndani, tofali kwa tofali: jambo dogo linatajwa, msomaji analisahau, kisha linarudi. Bwana Msa hana ndege wala bastola za ajabu, ana macho. Na ana mipaka. Ukiona mhusika anaweza kushindwa ndipo unapoanza kumshikia moyo. Benni Kamba sikumshikia moyo hata mara moja. Nilimwona kama mwanariadha anayekimbia peke yake uwanjani, anakimbia vizuri sana, lakini anashindana na nani?

Kuna jambo jingine ambalo wenzangu hawakuligusa, nalo ni ahadi. Wasomaji wa zamani wa Maillu walimjua kwa vitabu vya Comb Books, vyenye ucheshi, maneno makali, na watu wa mtaani waliojaa aibu zao na chupa zao. Wale watu wangeweza kuanguka, na mara nyingi walianguka. Nikifikiria msomaji wa namna hiyo akifungua kitabu kipya mwaka wa 1980 na kumkuta jasusi asiyeanguka, naelewa kama alihisi ameandikiwa na mtu mwingine. Mwandishi maarufu ana mzigo huo: kila kitabu kinasomwa na vitabu vyake vingine vikichungulia begani. Angekiandika mtu asiyejulikana labda sote tungekisifu kwa jaribio jema.

Kuhusu pesa, tulipiga kura. Zilikuwa 17 kwa 14. Tuliamua kununua Mzimu wa Watu wa Kale na Kisima cha Giningi, na kiasi kilichobaki tutafute nakala kuukuu ya Operation DXT kwa wachuuzi wa vitabu wa barabarani kule Thika. Wale 14 hawakuridhika, na wawili kati yao hawajarudi chamani. Yule mvulana wa kidato cha pili alirudi. Ameweka jina lake la kwanza kwenye orodha ya kukisoma DXT kikipatikana. Mjomba naye amesema anataka Bwana Msa akisha kusomwa na wote, ili aone ni nini hicho kilichomshinda Kamba wake.

Kwa wale watakaokabili swali la taharuki katika mtihani, msiandike "ametumia taharuki" mkaweka nukta. Semeni ni swali gani msomaji anawekewa, limewekwa ukurasa gani au katika tukio gani, linacheleweshwa kwa njia gani, na linajibiwa wapi. Jiulizeni kama msomaji anajua kumshinda mhusika au mhusika anajua kumshinda msomaji. Na mkikuta tatizo limetatuliwa kwa sadfa tupu, mathalani shujaa amefungwa pingu kisha funguo zinaanguka tu miguuni pake, msisite kuandika kwamba hapo taharuki imevunjika. Mtahini hatawala.

Zoezi la kujifunzia. Andika aya tatu za mwanzo wa hadithi inayotokea ndani ya matatu kutoka Kithimani kwenda Thika, saa kumi na mbili jioni. Abiria mmoja ameshikilia mfuko wa karatasi ambao hataki kuuweka chini. Aya ya kwanza iandike kwa taharuki ya fumbo, msomaji asijue kilichomo. Kisha iandike upya kwa taharuki ya hatari, msomaji ajue na kondakta asijue. Usitumie bunduki wala bomu. Kazi zote zipelekwe kwa katibu wa chama kabla ya Alhamisi ya pili ya muhula ujao, na tafadhali, jina na kidato viandikwe juu, mwaka jana tulipata kazi nne zisizo na mwenyewe.